Mwili Wako Unakuambia Nini? Kupunguza Msongo wa Mawazo kwa Kujipima

Mimi ni muuguzi wa afya ya jamii. Leo nataka tuzungumze juu ya jambo ambalo wengi wetu tunalo lakini hatulipi uzito. Unalala umechoka, unaamka umechoka. Mabega yamekaza kama mtu aliyebeba gunia usiku kucha. Kichwa kinagonga. Moyo unakwenda mbio na wewe umekaa tu. Ukiulizwa una nini, unajibu, "Ni mawazo tu."

Wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu. Mwili nao una mawingu yake. Leo tutajifunza kuyasoma, kisha kufanya jambo dogo, kisha kuangalia tena kama limesaidia. Njia hii wataalamu huiita bayofidibaki. Neno hilo lisikutishe. Maana yake ni kumwonyesha mtu kile ambacho mwili wake unafanya, ili ajifunze kuubadilisha. Ni kama kioo. Ukiwa na masizi usoni huwezi kujua, lakini ukipewa kioo utajua pa kufuta.

Mama aliyekuja mbio

Miaka michache iliyopita, nikiwa katika zahanati moja, alikuja mama mmoja wa makamo, muuza mahamri. Nyumbani alikuwa akimtunza mama mkwe wake aliyepooza upande mmoja, pamoja na wajukuu wawili. Alifika jasho likimtoka, akaniambia, "Sista, nipime haraka nirudi. Nimemwacha mgonjwa peke yake."

Nilimpima papo hapo. Presha ilikuwa 164 juu na 98 chini. Nikamwomba akae. Nilimwambia aegemeze mgongo, miguu yote miwili ikanyage sakafu, mkono utulie mezani usawa wa moyo, na asizungumze. Nikamwonyesha namna ya kupumua polepole. Baada ya dakika tano nikampima tena, mashine ikiwa mbele ya macho yake. Mara hii ilisoma 148 kwa 92.

Akaitazama mashine, akanitazama mimi. "Kumbe ni mimi niliyeishusha, mwanangu?"

Nikacheka, nikamjibu, "Ni wewe, mama."

Jibu langu lilikuwa la kweli, lakini lilikuwa nusu tu. Ile nusu ya pili sikuisema siku hiyo, na mama yule karibu alipe kwa maisha yake. Nitakueleza kabla hatujaagana. Kwanza tuelewe kilichotokea pale mezani.

Mafuta na breki

Mwili una mishipa ya fahamu inayouendesha moyo bila wewe kufikiri. Kuna upande ulio kama mguu wa dereva kwenye mafuta, na kuna upande ulio kama mguu wake kwenye breki. Ukisikia mtoto amepiga yowe nje, mguu wa mafuta unakanyaga. Moyo unakimbia, pumzi inakuwa fupi, shingo na taya zinakaza. Mikono inapoa, kwa sababu mishipa midogo ya damu vidoleni inajibana. Hilo ni jambo jema, kwani linakupa nguvu ya kukimbia kumwokoa mtoto.

Shida huja pale mguu usipotoka kwenye mafuta. Karo ya shule haijalipwa, mgonjwa yuko kitandani, chama kinadai, mume hana kazi. Hakuna wa kumkimbilia wala wa kumkimbia, lakini mwili unaendelea kukimbia ukiwa umekaa. Mtu akikaa hivyo kwa miezi, usingizi hupotea, kichwa na mgongo huuma, tumbo husokota, na presha inaweza kupanda.

Huwezi kuuamuru moyo upunguze mwendo. Lakini pumzi unaweza kuiamuru, na moyo huifuata pumzi. Unapovuta hewa ndani, moyo huongeza mwendo kidogo. Unapoitoa, hupunguza kidogo. Ndiyo sababu tunairefusha pumzi ya kutoka. Hiyo ndiyo breki uliyo nayo mkononi.

Jinsi ya kufanya nyumbani

Katika hospitali kubwa za nchi nyingine, kazi hii hufanywa kwa mashine. Mgonjwa hubandikwa vifaa vidogo kwenye ngozi, naye huona kwenye kioo cha kompyuta jinsi moyo, misuli au joto la vidole linavyobadilika. Watafiti wa Marekani walianzisha chama chao cha kazi hiyo mwaka wa 1969. Mashine hizo ni ghali, na katika zahanati zetu nyingi hutazipata. Lakini kanuni yake haihitaji umeme. Unahitaji vidole vyako, saa au simu yenye kuonyesha sekunde, daftari na kalamu.

Kwanza, jipime. Kaa utulie. Weka vidole viwili, cha shahada na cha kati, upande wa ndani wa kifundo cha mkono, chini ya kidole gumba. Usipimie kwa kidole gumba, maana kina mpigo wake na kitakuchanganya. Hesabu mapigo kwa sekunde 30, kisha zidisha mara mbili. Mtu mzima aliyetulia huwa na mapigo 60 hadi 100 kwa dakika. Andika hesabu yako. Usitumie hesabu hii kwa mtoto, kwani moyo wa mtoto hupiga haraka zaidi kwa kawaida.

Pili, pumua kwa dakika tano. Weka mkono mmoja kifuani na mwingine tumboni. Vuta hewa kwa pua ukihesabu moja hadi nne. Itoe polepole ukihesabu moja hadi sita. Ukienda hivyo utapata pumzi kama sita kwa dakika. Mkono wa tumboni ndio uinuke, wa kifuani utulie. Legeza taya, shusha mabega. Ukihisi kizunguzungu, ujue unavuta kwa nguvu mno. Acha, pumua kawaida, kisha uanze tena taratibu.

Tatu, jipime tena, uandike.

Fanya hivyo mara mbili kwa siku, kwa mfano kabla watoto hawajaamka na baada ya wao kulala. Siku za kwanza huenda hesabu isibadilike. Usivunjike moyo, mwili hujifunza kama mtoto anavyojifunza kutembea.

Kando ya hesabu, andika maneno machache kuhusu siku yako. Mlezi mmoja niliyemfundisha aligundua kwamba mapigo yake yalipanda kila jioni, saa ya kumgeuza na kumwogesha mgonjwa peke yake. Alikuwa akidhani anachoka kwa sababu ya uzee. Daftari likamwonyesha kwamba ni saa ile moja. Akaliweka mbele ya shemeji zake, wakapanga zamu. Pumzi ilimsaidia, lakini mikono ya pili ilimsaidia zaidi. Kwa hiyo usijipime ili uvumilie tu. Jipime ujue ni mzigo gani wa kuombea msaada.

Mikono baridi na kichwa kinachogonga

Kioo cha pili ni joto la mikono. Gusa shavu lako kwa vidole. Ikiwa hakuna baridi nje na vidole vyako ni baridi kama umetoka kufua, huenda mwili umekanyaga mafuta.

Katika miaka ya 1970, watafiti wa kituo cha Menninger mjini Topeka, jimbo la Kansas huko Marekani, waliwafunza watu wenye kipandauso kupasha mikono yao moto. Kipimajoto kidogo kilifungwa kidoleni, na mgonjwa akakitazama huku akitulia na kuwaza mikono yake ikipata joto. Baadhi yao waliumwa na kichwa mara chache kuliko zamani. Tangu hapo njia hiyo imetumika kwa watu wengi wenye kipandauso na wenye kichwa cha kukaza.

Wewe unaweza kujaribu hivi. Kaa, funga macho, pumua kama tulivyosema, na uwaze kwamba umeshika kikombe cha chai ya moto. Baada ya dakika kumi, gusa shavu tena. Fanya hivi mapema, kichwa kinapoanza tu kukaza.

Na hapa nina ombi. Kuna akina mama wanaomeza dawa za maumivu kila siku, asubuhi na jioni. Dawa hizo zikitumiwa karibu kila siku kwa muda mrefu, zenyewe zinaweza kuleta maumivu ya kichwa. Nyingine, kama ibuprofeni, zinaweza kupandisha presha. Ukijikuta unazihitaji zaidi ya siku mbili kwa wiki, njoo tuzungumze. Usione haya.

Jambo tunalolificha

Kioo cha tatu ni cha jambo ambalo wanawake hatulisemi. Baada ya kuzaa, wengine wetu huvuja mkojo tukicheka, tukikohoa, au tukiinua mtungi wa maji. Mama anaanza kuvaa kitambaa. Anaacha kwenda kwenye chama, anaacha kukaa mbele kanisani au msikitini. Anadhani ndiyo gharama ya kuwa mama. Lakini mficha maradhi, kilio humfichua.

Mwaka wa 1948 daktari mmoja wa wanawake huko California, Arnold Kegel, alieleza kifaa alichokibuni kwa ajili ya wanawake kama hao. Kiliwekwa ukeni na kuunganishwa na saa yenye mshale. Mwanamke alipoikaza misuli ya chini ya nyonga, aliona mshale ukipanda. Alipokosea, mshale ulibaki pale pale. Hivyo akajua ni misuli ipi hasa. Mazoezi yale bado yanafundishwa hadi leo, na jina la daktari huyo ndilo linaloitwa mazoezi hayo.

Huna mshale, lakini una mikono. Lala chali, kunja magoti. Kaza kana kwamba unazuia hewa isitoke ukiwa mbele za watu, na wakati huo huo kana kwamba unazuia mkojo. Weka kiganja tumboni. Ikiwa tumbo linasukuma nje, au unabana pumzi, au makalio yanainuka, umekaza misuli isiyo yake. Ukifanya sawasawa utahisi kitu kinavutwa juu kwa ndani. Kama zimepita wiki sita tangu ulipojifungua na huna kidonda, unaweza kuingiza kidole kisafi ukeni uhisi kikibanwa.

Kaza ukihesabu hadi tano, legeza ukihesabu hadi tano. Rudia mara kumi, mara tatu kwa siku. Ukishazoea unaweza kufanya ukichambua mboga na mtu asijue. Usiyafanye kila unapokojoa, maana kukatiza mkojo mara kwa mara si vizuri. Jipe miezi mitatu kabla ya kuhukumu.

Lakini ikiwa mkojo au haja kubwa vinatoka vyenyewe mfululizo tangu ulipojifungua, hasa baada ya uchungu wa muda mrefu, mazoezi hayatatosha. Hiyo yaweza kuwa fistula, na hutibiwa hospitalini kwa upasuaji. Si laana, na si kosa lako. Ukimjua mwenzako mwenye shida hiyo, mshike mkono umlete.

Ile nusu ya pili

Sasa nirudi kwa mama wa mahamri. Tulimpima tena siku nyingine, presha bado ikawa zaidi ya 140 kwa 90. Daktari akamwanzishia vidonge. Akawa anameza na anapumua, na baada ya wiki kadhaa kipimo kikasoma 132 kwa 84. Tulifurahi sote wawili.

Kisha hakuonekana kliniki. Ilipita miezi mitatu. Siku moja binti yake alimleta kwa bodaboda, kichwa kikimuuma vibaya na macho yakiona ukungu. Presha ilikuwa 196 kwa 118. Nilipomuuliza kuhusu vidonge, alinijibu kwa sauti ya chini, "Si wewe mwanangu uliyeniambia ni mimi ninayeishusha? Nikaona vidonge vikiisha, pumzi itatosha."

Sikuwa na la kujibu. Tulimpeleka hospitali siku ile ile na akapata nafuu, kwa kuwa binti yake hakungoja kupambazuke. Lakini nilijua ni sentensi yangu iliyomfikisha pale. Nilimpa kioo, sikumwambia kwamba kioo si dawa.

Basi wewe nakuambia leo, ili asipatikane mwingine. Kupumua polepole hushusha presha kidogo. Pia hufanya kipimo kisidanganywe na haraka uliyokuja nayo. Vidonge hufanya kazi mchana na usiku, hata ukiwa umelala au umekasirika. Mtu mwenye shinikizo la damu anahitaji vyote viwili, pamoja na kupunguza chumvi na kutembea. Presha ikiwa nzuri ukiwa kwenye dawa, maana yake ni kwamba dawa inafanya kazi. Usiiache, usiipunguze, bila kuzungumza na mhudumu wako. Ikiwa tatizo ni pesa ya dawa au nauli, useme. Hilo nalo ni ugonjwa tunaoweza kuutafutia tiba pamoja.

Siku hizi si lazima ungoje zahanati. Mwaka wa 2023 wahudumu wa afya ya jamii hapa Kenya walianza kupewa mikoba yenye mashine ya kupima presha, na hupita nyumba kwa nyumba. Muulize wako. Kabla hajakupima, kojoa, kaa kimya dakika tano, na uwe hujanywa kahawa wala kuvuta sigara kwa nusu saa. Usitegemee programu za simu zinazodai kupima presha kwa kugusa kidole tu.

Usingoje, usikae upumue

Yako mawingu ambayo hayahitaji kusomwa mara mbili. Nenda hospitali mara moja ukiona haya:

- Maumivu ya kifua au kukosa hewa.
- Mdomo kwenda upande, mkono au mguu kulegea ghafla, au kushindwa kusema. Hicho chaweza kuwa kiharusi.
- Maumivu makali ya kichwa yaliyoanza ghafla, au yanayokuja na homa na shingo ngumu.
- Ukiwa mjamzito au umejifungua karibuni: kichwa kuuma sana, macho kuona ukungu, uso na mikono kuvimba, au maumivu juu ya tumbo. Hizo zaweza kuwa dalili za kuelekea kifafa cha mimba.

Na ikiwa mapigo yako ukiwa umetulia huwa zaidi ya 100 siku baada ya siku, usiseme ni mawazo. Huenda ni upungufu wa damu au maambukizi. Njoo upimwe. Vivyo hivyo ikiwa huzuni imekaa zaidi ya wiki mbili, au unawaza kujidhuru, au nyumbani unapigwa. Pumzi haiondoi kipigo. Mwambie muuguzi au mtu unayemwamini, leo hii.

Kabla sijakuaga, tukumbushane. Jipime, pumua, jipime tena. Andika. Omba msaada pale daftari linapokuonyesha mzigo. Na dawa uliyopewa, imeze.

Mama yule bado anauza mahamri. Mashine ikishasoma, hunionyesha kwanza karatasi ya vidonge vilivyobaki, ndipo anaponiuliza, "Sasa sista, ni mimi au ni dawa?" Nami humjibu, "Ni nyinyi wawili, mama."



Maswali ya kuzungumza katika kikundi

1. Ni dalili gani mwili wako hukuonyesha kwanza unapolemewa?
2. Pimaneni mapigo wawili wawili, pumueni dakika tano, mpimane tena. Mmeona nini?
3. Kwa nini mama wa mahamri aliacha vidonge? Jirani angemsaidiaje mapema?
4. Ni nani katika mtaa wenu anamtunza mgonjwa peke yake? Mnaweza kumpa zamu gani wiki hii?